Miezi ya Mirihi: darubini ya lenzi au ya kioo?

Wanaastronomia wa karne ya 19 walibishana sana juu ya darubini ipi ni bora, ya lenzi au ya kioo. Kwa uthabiti, lenzi iliongoza: Agosti 1877, jijini Washington, Asaph Hall aligundua Deimos, kisha Phobos, kwa lenzi yenye kipenyo cha sentimita 66. Miezi hiyo ni midogo mno na humezwa na mng'ao wa Mirihi yenyewe, kwa hiyo uvumilivu wake naustahi kuliko chombo chake. Gharama? Lenzi kubwa ilihitaji mfuko mnono. Kioo cha shaba na bati kilikuwa nafuu. Mwingereza William Lassell aligundua Triton, mwezi wa sayari ya Neptuni, kwa kioo alichojitengenezea, 1846. Ila kilififia, kikadai kung'arishwa upya. Enzi hizo, mwenye ruzuku alifaa kuchagua lenzi. Fundi mwenye subira, kioo.