Korido katikati au pembeni?
Katika jengo la ghorofa lenye nyumba ndogondogo, mimi huangalia korido kwanza. Ikipita katikati, nyumba hupangwa pande zote mbili, na lifti ileile huhudumia kaya nyingi kwa gharama nafuu. Lakini nyumba nyingi hubaki na madirisha ya upande mmoja tu. Ukikaanga vitunguu jioni, unalala na harufu yake.

Korido ya pembeni, iliyo wazi kama baraza, huruhusu upepo kupenya kutoka mlangoni hadi dirisha la nyuma. Kero yake ni wapita njia kuchungulia ndani. Hata hivyo ningechagua hii, dirisha la upande huo likiwekwa juu ya usawa wa macho.

Msanifu majengo Le Corbusier, katika jengo lake la Marseille, Ufaransa, lililokamilika mwaka 1952, aliweka korido ya katikati kila baada ya ghorofa tatu, nyumba za sakafu mbili zikipita juu au chini yake hadi pande zote mbili za jengo. Ila ngazi za ndani hula nafasi.