Sanamu ya Uhuru: feri ya bure au ya kulipia?

Mko wawili New York na siku ni moja. Feri ya Staten Island ni bure tangu 1997, huchukua dakika 25 hivi, ila haitui kwenye sanamu. Mnaiona kwa mbali. Mkitoka Manhattan simameni upande wa kulia, wengine wataganda kushoto wakipiga picha maji matupu.

Ya kulipia ina foleni na ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, lakini mnakanyaga kisiwa chenyewe, na tiketi hiyohiyo inawafikisha Ellis Island, walikopokelewa wahamiaji zaidi ya milioni 12 kati ya 1892 na 1954. Nusu siku imeondoka hapo.

Mwenzako akipenda historia, lipeni. Akiwa mtu wa picha tu, ya bure inatosha kabisa.