Keto ya kifafa hospitalini Nairobi: mtaalamu wa lishe nyota tano, shifti ya usiku nyota mbili

Wazazi wenzangu wenye watoto wa kifafa ambao dawa zimekataa, hii ni yenu. Tulitoka Mombasa tukalazwa hospitali moja ya kibinafsi Nairobi kumuanzisha kijana wangu dayati ya keto, yaani chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana, ile ya matibabu sio ile watu wanapunguzia kitambi. Jina la hospitali sitaji kwa sababu nina malalamiko na sitaki kumharibia mtu kazi.

Naanza na yule mtaalamu wa lishe maana yeye ndiye huduma yenyewe. Kabla mtoto hajalambishwa hata siagi alisubiri majibu ya damu yarudi, kwa sababu kuna watoto miili yao haiwezi kuchoma mafuta na hao hii dayati inaweza kuwaua, kwa hiyo mtu akikwambia anza tu nyumbani kwa kuangalia vidio, mkimbie. Hesabu yake ni 4 kwa 1, yaani chukua protini na wanga ujumlishe, kila gramu 1 hapo iende na gramu 4 za mafuta. Hakumpeleka huko siku hiyo hiyo, alimpandisha polepole. Zamani walikuwa wanawashindisha watoto njaa kwanza, maana wazo la Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani 1921 lilikuwa kuufanya mwili ujione umefunga na huku mtoto anakula, ila siku hizi sehemu nyingi wameacha hiyo njaa.

Halafu akanipa mizani mkononi. Yai, avokado, siagi, tui zito la nazi, vyote vinapimwa hadi gramu, na mtoto akimaliza, yule mtaalamu anachukua kile kimwiko cha mpira anakwangua ubavu wa bakuli mpaka ling'ae, ananiambia mama, haya yaliyoganda hapa ndiyo dawa yake, usiyaoshe. Mimi mtu wa Pwani nilifurahi sana kuona tui limo, lakini la kopo akanifundisha kusoma lebo kwanza maana hayafanani.

Katikati mtoto alilegea, akatapika, na manasi wanamdunga kidole kupima sukari na ketoni, yaani kile mwili unatengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari, mchana na usiku, roho iliniuma jamani. Ila nilikuwa nimeshaambiwa itakuwa hivyo, na juisi kidogo iliwekwa karibu kama sukari ingeshuka sana.

Sasa shifti ya usiku. Maagizo yamebandikwa juu ya kitanda kwa herufi kubwa, bado nasi analeta siropu ya homa yenye sukari! Mwingine akaja na kikombe cha uji, "mama, mtoto atalalaje na njaa, mpe tu kidogo." Usiku mwingine ilikuwa dripu ya glukosi, iko karibu kutundikwa, nikakataa mpaka daktari akapigiwa simu wakabadilisha wakaleta ya chumvi. Hawakuwa na ubaya wowote, hawakufundishwa tu, na hilo ndilo linanikera zaidi, kwa sababu sukari kidogo tu inaweza kuangusha ketoni alizohangaikia mtoto, na pesa tuliyolipa inatosha kumfundisha kila mtu pale mpaka anayesukuma toroli ya chakula.

Mizani, strip za ketoni na ule unga maalum wa maziwa bima yetu haikugusa, jipangeni.

Inasaidia? Kuna utafiti wa London wa 2008, watoto 145, baada ya miezi 3 asilimia 38 ya waliopewa dayati kifafa kilipungua zaidi ya nusu, na wale waliokuwa bado wanangojea kuanzishwa ni asilimia 6. Sio muujiza, lakini kwa mtoto ambaye dawa mbili tatu zimeshindwa mimi naiona ni kubwa. Kwetu bado ni mapema, ila zile asubuhi za kushikwa mfululizo zimepungua.

Ningerudi pale pale, sema kabla ya kulipa diposti uliza usiku nani yuko anayeijua hii dayati, famasi yao ina vidonge badala ya siropu, na mkitoka mtampigia nani. Mtaalamu wetu wa lishe anajibu meseji hata Jumapili, na tumbo lilipofunga ndiye alinielekeza la kufanya.