TAHADHARI: Picha ndogo za guashi za "bibi Mnavajo", tumepigwa dola 195

Ndugu zangu mlioko Arizona na New Mexico, na ninyi wa mbali mnaonunua zawadi mtandaoni, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Sisi tumeshalizwa.

Tuko sita, Watanzania, Wakongo na Mrundi mmoja, tunafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Phoenix. Mwenzetu mmoja alikuwa anastaafu. Ni mama wa Kinavajo, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, ingawa wao wenyewe hujiita Diné. Tangu siku ya kwanza alitufundisha tumwite Shimá, yaani mama yangu kwa lugha yake, na sisi tukamfundisha kuitikia marahaba. Tukachangishana dola 35 kila mtu, jumla 210, tumtafutie kitu cha kwao. Nikabebeshwa mimi huo ununuzi, maana ndiye ninayejifanya najua sanaa.

Nikakutana na tangazo. Picha ndogo, sentimita 7 kwa 10, guashi juu ya karatasi. Kwa wasioijua, guashi ni rangi ya maji ila nzito, inafunika karatasi yote, na ikikauka haing'ai, inabaki kavu kama ukuta wa chokaa. Mwanamke ameketi nje ya hogan, ile nyumba yao ya magogo na udongo, anafuma blanketi. Kondoo wawili pembeni, jangwa jekundu, jua linachomoza nyuma ya nyumba. Picha inaitwa Alfajiri. Bei dola 180, na 15 za kusafirisha. Nikaipenda, sitadanganya.

Ujanja uko hapa. Kwenye tangazo, mbele za watu, kaandika kwamba picha "imevutiwa na sanaa ya Wanavajo". Nikamuuliza kwa ujumbe: aliyechora ni Mnavajo mwenyewe? Akajibu ndiyo, bibi mmoja wa ndani kabisa huko, hana simu, na kila picha inaombewa na mganga wao kabla ya kuuzwa. Mtu wa Tanga mimi, nikauziwa mganga! Badala ya kushtuka nikaona nikizidi kuuliza nitaonekana mshamba. Hadharani anasema imevutiwa, faraghani anasema ni mkono wa Mnavajo. Ukimbana, anakuonyesha tangazo, na tangazo halisemi uongo.

Halafu akaniomba nilipe kwa programu ya simu kama namtumia rafiki, ili "tusikatwe ada". Nikatuma.

Mzigo ulifika siku ya sita, umefungwa vizuri, na cheti cha uhalisi chenye kibandiko cha dhahabu. Hakina jina la mchoraji wala la taifa lake, na anwani hakuna. Kimeandikwa tu kwamba kazi ni halisi. Mimi nikaona dhahabu nikaridhika. Zile dola 15 zilizobaki nikanunulia fremu.

Siku ya kuagana tukampa. Shimá akaitazama sana, akatabasamu, akashukuru. Nikadhani machozi yanakuja, kumbe anazuia kicheko. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa ni wapi?" Nikamwambia ni kwenu. Akaweka kidole kwenye lile dungusi refu lenye mikono, saguaro, lililosimama karibu na hogan. Saguaro ni la huku kusini kwenye joto, Phoenix na Tucson. Kwao ni nyanda za juu. Window Rock, makao makuu ya Taifa la Wanavajo, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na theluji inaanguka. Huko kuna misonobari mifupi na vichaka vya kijivu. Kisha akaonyesha mlango. Mlango wa hogan hutazama mashariki, jua likichomoza liingie ndani. Kwenye picha mlango unatutazama sisi, na jua liko nyuma ya nyumba. "Hii alfajiri imetokea magharibi," akasema. Wote wakacheka, na mimi nikacheka huku nimekufa kwa aibu.

Akaitoa kwenye fremu. Shimá hufua fedha nyumbani, anatengeneza vikuku vya feruzi, kwa hiyo kwenye mkoba wake hakukosekani kile kioo cha sonara cha kukuza mara 10. Akanipa nichungulie. Ndugu zangu, jangwa lote lilikuwa vitone! Buluu, waridi, njano, vimepangana kama upele. Hiyo ni printa. Guashi chini ya kioo unaona rangi imelala nzima nzima, na alama za nywele za brashi pale mchoraji alipogeuza mkono. Hapa brashi ilipita mahali pamoja tu, kwenye blanketi: mistari mitatu ya rangi nyeupe iliyoongezwa juu ya chapa, yaani picha iliyochapishwa, ili ukipapasa usikie kitu. Nikalowesha kidogo pamba ya masikioni. Nyeupe ikatoka kwenye pamba, maana guashi ya kawaida hata ikikauka inayeyuka tena ikipata maji. Wekundu wa jangwa haukutoka hata chembe. (Msijaribu hili katikati ya picha halali mtaiharibu, pembeni kabisa, tena kama ni mali yenu.)

Niseme pia kwamba chapa si dhambi. Wachoraji wa Kinavajo wanayo historia ndefu ya rangi hizi nzito, tangu ile studio ya shule ya wenyeji asilia ya Santa Fe, New Mexico, iliyoanza 1932, alikosoma Harrison Begay, na Begay mwenyewe alitoa chapa nyingi zikauzwa kama chapa, kwa bei ya chapa. Dhambi ni kuniuzia printa kwa bei ya mkono wa bibi ambaye hayupo. Wabongo wenzangu mnanielewa: Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, ila picha za kughushi zenye sahihi yake haziishi.

Nilipomwandikia muuzaji, kwanza akasema kioo changu kibovu. Nikamtumia picha ya vitone. Nikala bloku. Kwa wenye programu ya malipo nikaambiwa hela niliituma kwa hiari yangu kama kwa rafiki, kinga ya mnunuzi haihusiki. Basi, 195 imekwenda. Wenzangu nimewarudishia sehemu yao polepole, ingawa wawili wamekataa kupokea.

Ambacho sikukijua, na mngekijua mapema kingewasaidia: Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na mwenyeji asilia wakati sivyo. Faini inafika dola 250,000 kwa mtu binafsi na kifungo miaka 5, ingawa kwa vitu vya bei ndogo adhabu hupungua. Si sheria ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa Albuquerque alifungwa miezi 6 kwa kuuza vito vilivyotoka Ufilipino kama vya wenyeji. Malalamiko yanapokelewa na Bodi ya Sanaa na Ufundi wa Wenyeji Asilia, iliyo chini ya serikali ya shirikisho, na kulalamika hakuna malipo. Nimeshawapelekea mazungumzo yote, hasa ule ujumbe wa "ndiyo".

Kwa hiyo ukinunua, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina la mchoraji na taifa lake, kwa maneno yake. Mkweli hatasita, tena wachoraji wengi hukwambia na ukoo wa mama yao bila kuulizwa. Maneno kama "mtindo wa", "imevutiwa na", "roho ya" hayamtaji mtu yeyote. Na kama uko hapa Phoenix, Jumba la makumbusho la Heard lina duka na soko la kila mwaka la wenyeji; Santa Fe nako kuna soko kubwa mwezi Agosti, unakutana na mchoraji uso kwa uso. Ni ghali kuliko mtandaoni. Mimi sasa ghali naijua ni ipi.

Jina la akaunti siliandiki kwa sababu limebadilishwa mara mbili tangu nilipolipa, likitajwa leo kesho litakuwa lingine. Itambueni picha: hogan yenye jua mgongoni, saguaro kushoto, kondoo wawili, mistari mitatu myeupe kwenye blanketi. Juzi niliiona tena kwa akaunti ya rafiki, sasa inaitwa Machweo na imepanda hadi dola 220. Angalau jua wamelirekebisha. Ukiiona, kabla hujamuuliza chochote piga picha ya skrini ya tangazo na kila ujumbe, maana akishahisi umemshtukia anafuta mazungumzo upande wake.