Uzoefu wangu: kutengenezewa mikono ya kunyanyulia ya trekta dogo, Morogoro mjini

Ninalima mpunga Dakawa, wilayani Mvomero, na trekta langu ni dogo la Kijapani la nguvu farasi 24, lililokwisha kutumika huko kwao kabla ya kuletwa nchini. Kazi yake kubwa ni kuvuruga majaruba kwa rotaveta, yaani mashine ya visu vinavyozunguka inayofungwa nyuma ya trekta. Katikati ya maandalizi ya msimu, mikono yake ya kunyanyulia, ile ya nyuma inayobeba rotaveta, ilianza kufanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: nikisogeza leva kidogo ili rotaveta ipande kidogo, mikono ilipanda moja kwa moja hadi juu kabisa, na kutoka chini ya kiti ukasikika mlio mkali usiokoma mpaka nirudishe leva. Nikiirudisha, rotaveta ilishuka yote hadi chini. Hapakuwa tena na katikati.

Asiyefanya kazi ya majaruba anaweza kuiona hiyo kuwa kero ndogo, lakini rotaveta ikizama kupita kiasi injini huelemewa na magurudumu huchimba mashimo, na ikipanda mno huku shafti inayoiendesha kutoka kwenye trekta ikizunguka, viungo vya shafti hukunjwa kwa pembe kali na kuanza kugonga. Mlio ule nao ulikuwa wa vali ya usalama, ambayo hufunguka pale shinikizo la oili linapovuka kiwango, na muda wote inapokuwa wazi oili huzidi kupata moto bila kufanya kazi yoyote.

Fundi wa kwanza niliyemwita shambani alisema pampu inayosukuma oili ya kunyanyulia imechoka. Nilibadilisha oili lita 20 pamoja na chujio lake, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa limechelewa, lakini tatizo halikusogea hata kidogo. Ndipo akanitajia shilingi 850,000 za pampu iliyotumika. Kilichonizuia kulipa ni swali moja ambalo hakulijibu: pampu iliyochoka inawezaje kunyanyua rotaveta ile nzito hadi juu bila kusita?

Jirani yangu alinielekeza kwenye karakana moja upande wa Msamvu, nikapeleka trekta kwa lori. Mzee anayeisimamia hakushika spana. Aliniomba niwashe injini, nipandishe na kushusha mikono mara tatu, kisha nizime. Akapiga magoti ubavuni mwa kiti, akaishika rodi nyembamba inayotoka kwenye mkono wa kunyanyulia kwenda kwenye leva ya vali, na rodi ikabaki mkononi mwake. Ilikuwa imekatika pale nyuzi za skrubu zinapoanzia, ndani ya tope lililokauka, kwa hiyo kwa macho ilionekana nzima.

Alinieleza kazi ya rodi hiyo kwa utulivu. Dereva anaposogeza leva, vali hufunguka na oili huisukuma pistoni, nayo pistoni huzungusha shafti inayobeba mikono. Mikono ikipanda, rodi ile huivuta vali irudi kwenye kufunga, ndiyo maana mikono husimama mahali leva ilipoelekezwa. Rodi ikikatika, vali haipati habari kwamba mikono imekwisha kufika, na oili huendelea kusukuma mpaka vali ya usalama ipige kelele. Pampu yangu ilikuwa na afya njema.

Kwa haraka zangu za msimu nilimwomba aiunganishe kwa kuichomelea. Alikataa, nami sasa namshukuru: chuma kilichochomelewa kwenye shingo ya nyuzi hukatika tena pembeni mwa kiungo, na urefu wa rodi ndio kipimo chenyewe, hauwezi kukisiwa. Alimpa mkerezaji wake chuma cha duara cha milimita 10, akakikereza ncha zote mbili na kukata nyuzi za milimita 8, akiacha bega la mviringo mahali unene unapobadilika, kwa kuwa kona kali ndiko mpasuko unakoanzia. Ncha zote alizifunga bol jointi mpya, yaani viungo vya gololi vinavyogeuka kila upande, zenye nati za kukaza.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni urekebishaji. Aliweka leva mwisho wa juu, akafupisha na kurefusha rodi mzunguko mmoja mmoja mpaka mlio ukakoma, kisha akazima injini na kunitaka niinue ncha za mikono kwa nguvu zangu. Zilipanda kama sentimeta moja zaidi kabla ya kugota, na hiyo ndiyo nafasi aliyoitaka. Alinifanya nirudie zoezi hilo mwenyewe mara mbili.

Aliona pia kwamba mkono wa chini wa kulia ulifungwa kwa bolti badala ya pini. Mpangilio huu wa mikono miwili ya chini na kiungo kimoja cha juu, ambao mhandisi Harry Ferguson aliubuni na trekta la Ford 9N likauingiza sokoni kwa wingi kuanzia mwaka 1939, una vipimo vinavyofanana kwa matrekta ya kundi moja: kwa langu, pini za chini ni milimita 22 na ya juu ni 19. Kwa hiyo pini ilipatikana dukani siku hiyohiyo.

Nililipa shilingi 145,000 kwa kila kitu. Nina malalamiko mawili ya haki. Niliahidiwa siku moja, kazi ikachukua tatu, na katika msimu wa mvua siku mbili ni ekari kadhaa. La pili, bol jointi hazikuvalishwa mpira wa kuzuia tope, ilhali tope ndilo lililoificha kutu iliyoila rodi ya kwanza. Niliinunua mipira hiyo mwenyewe na kuzijaza jointi grisi.

Trekta limevuruga ekari 31 tangu hapo, rotaveta inasimama pale ninapoitaka, na nafasi ile ya sentimeta moja haijabadilika. Nimeagiza kwa mzee rodi ya pili ya urefu uleule, ikae kwenye kisanduku cha spana.