Seti ya kadi za Indianapolis Indians: uzoefu wangu baada ya misimu mitatu

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza la Mbongo yeyote. Dola 15. Kwa hela hiyo, kwenye duka la uwanja wa Victory Field hapa Indianapolis, nilipewa seti nzima ya kadi za picha za wachezaji wa Indianapolis Indians, timu ya besiboli ya mji huu, thelathini na kitu, zimefungwa kwa nailoni. Ukipiga hesabu, kila mchezaji amenigharimu chini ya nusu dola. Soda moja kwenye viwanja vya huku inakula wachezaji kumi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: besiboli ya Marekani ina ligi kuu ya timu 30, zile zinazotajwa kwenye habari, na chini ya kila moja kuna timu nne za kumlea mchezaji. Tangu mambo yalipopangwa upya mwaka 2021, timu hizo za chini, yaani ligi ndogo, ziko 120. Chukulia Yanga ingekuwa na timu yake Lindi, nyingine Songea, nyingine Morogoro, kila moja na jina lake, jezi yake na mashabiki wa mji wake, lakini wachezaji wote ni mali ya Jangwani. Kwetu timu ndiyo hupanda daraja na kushuka. Huku timu imekaa palepale. Anayepanda ni mchezaji, peke yake, na begi lake. Kijana wa Pittsburgh Pirates, mojawapo ya zile 30, huanzia Bradenton kule Florida, akikomaa anapelekwa Greensboro, kisha Altoona, halafu Indianapolis. Hapa kwetu ndipo mlangoni. Siku moja kocha anamwita ofisini: ama kesho uko Pittsburgh, ama asante, tumekuacha.

Mimi nilifika huko kwa bahati tu. Nafanya kazi ghalani, Plainfield, na siku moja tuligawiwa tiketi za bure za kukaa kwenye majani, nyuma ya uzio wa uwanja. Tulitandika khanga za mama Neema, tukakaa na maandazi yetu, mimi, yeye, binti yetu na jamaa mmoja wa Lubumbashi tunayefanya naye zamu. Baada ya nusu saa jamaa akaniuliza, "Yaya, huu mupira gani, batu banasimama tu?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni binti aliyechoka kukaa, nikamchukua tuzunguke uwanja, tukaingia dukani, na yeye ndiye aliyeziona zile kadi. Nikazinunua anyamaze. Usiku ule amelala, mimi niko mezani nazipanga.

Nimekulia Tanga. Coastal Union ilipochukua ubingwa mwaka 1988 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na magazeti yote ya baba yangu yalitobolewa matundu ya mraba. Tulikata picha za wachezaji, tukazibandika kwenye majalada ya madaftari kwa uji wa ngano, panya wakazila usiku pamoja na gundi. Kwa hiyo mtu akiniambia mzee mzima unacheza na vipicha, namwambia mimi namalizia kazi ambayo panya waliniharibia.

Sasa kadi zenyewe. Ukubwa ni ule wa kawaida wa kadi za Marekani, milimita 64 kwa 89, karatasi ngumu yenye kung'aa. Mbele picha, nyuma urefu, uzito, mahali pa kuzaliwa, mkono anaotumia kurushia na upande anaosimama akipiga. Usitegemee urembo. Picha nyingi za seti za timu hupigwa siku moja mwanzoni mwa msimu, mmoja baada ya mwingine, gongo begani (gongo la kupigia mpira, si lile la chupani), na anayefuata anasubiri pembeni. Ninachokipenda ni kwamba hakuna anayeachwa. Kocha wa warushaji, wale wanaomrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, ana kadi yake. Yule anayewafunga bendeji ana kadi yake. Rowdie, dubu mwekundu anayechezea watoto kati ya vipindi, naye anaweza kujikuta ana kadi. Kwenye pakiti za kampuni kubwa hutamwona mtu kama huyo. Pale huchapwa wale tu wanaotarajiwa kuwa mastaa.

Na hapo ndipo nataka nieleweke vizuri, kwa sababu watu wanachanganya. Kuna kadi za ligi ndogo za aina mbili na si biashara moja. Kuna seti ya timu, ambayo unajua unachonunua. Halafu kuna pakiti, kama zile za Topps Pro Debut zilizoanza mwaka 2010, au za Bowman ambazo huweka alama maalum kwenye kadi ya kwanza ya kijana. Pakiti ni mkeka wa kubeti. Unalipa, unachana, unatafuta jina moja, na mara nyingi mkeka umechanika kabla hujamaliza kuufungua. Nilinunua pakiti kwa miezi minne hivi. Nikijumlisha ile hela nasikia haya, na mama Neema hajaambiwa mpaka leo.

Wanaonunua pakiti wana sababu zao. Mwaka 2024 alipita hapa kijana anaitwa Paul Skenes, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa nchi nzima timu za ligi kuu zilipogawana vijana wapya mwaka uliotangulia. Alirusha mechi saba tu katika ngazi hii, na wapinzani hawakumfikisha hata wastani wa pointi moja kwa mechi nzima: 0.99. Mei 11 akaanza ligi kuu na hakurudi. Nilimwona mara moja. Mpira ulikuwa unasikika kwenye glavu ya mdakaji kabla hujauona, na watu waliacha hata kutafuna. Sasa sikia: kadi yake moja, yenye kipande cha nembo ya jezi aliyovaa siku ile ya kwanza Pittsburgh, ipo moja tu duniani, iliangukia mikononi mwa mtoto wa miaka 11 kule Los Angeles, na Machi 2025 ikauzwa mnadani dola milioni 1.11. Baada ya hapo kila mtu ghalani kwetu alijua neno "kadi".

Lakini ile ni kadi ya ligi kuu. Wakusanyaji wa huku wana sheria yao ambayo ilinichukua muda kuielewa: kadi ya mchezaji akiwa ligi ndogo haihesabiki kuwa kadi yake halali ya kwanza. Tangu mwaka 2006 kadi ya kwanza inayotambuliwa hupigwa nembo ya herufi RC, na hiyo ni ya aliyefika ligi kuu. Kadi ya Indianapolis, hata iwe imechapwa miaka miwili kabla, inabaki kama cheti cha shule ya awali. Watu wanaona hilo ni kasoro. Kwangu mimi ndiyo neema, maana ndiyo inayofanya bei isipande. Juzi kwenye gulio la kadi, ukumbini, nilikuta masanduku ya viatu yamejaa seti za ProCards, kampuni iliyochapa timu za ligi ndogo karibu zote kuanzia 1986 hadi 1991. Zilichapwa nyingi mno, na leo muuzaji anakuachia seti nzima kwa bei ya sahani ya chipsi. Picha zake zinachekesha, wengine wamefumba macho kwa jua. Ukipekua za miaka hiyo unakumbuka kuwa Randy Johnson, mrushaji aliyekuja kuwa maarufu, naye alikuwa hapahapa Indianapolis mwaka 1988, jitu la sentimita 208, enzi hizo timu ikiwalelea Expos wa Montreal, waliokuwa ligi kuu, vijana wao.

Kinachofanya nirudi kila mwaka si kadi tu, ni saini. Ngazi hii wachezaji wanasaini. Unafika mapema geti linapofunguliwa, unasimama kwenye ukuta karibu na wanapoingilia uwanjani, kadi mkononi, makapeni ya bluu imefunguliwa tayari. Bluu, si nyeusi, nyeusi hupotea kwenye picha yenye kivuli. Mzee mmoja mwenye kofia iliyopauka ndiye aliyenifundisha hayo, na akanifundisha pia kumwita mchezaji kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama unamsalimia jirani. Watu hupaza sauti "hey!" wakashangaa hawageukiwi.

Msimu wangu wa pili nilimpa kijana mmoja kadi yake asaini. Akaisaini, hakunirudishia. Akaigeuza, akasoma nyuma, akaigeuza tena. Akaniambia ndiyo mara ya kwanza anaiona na kwamba mama yake, huko Venezuela, hana hii. Nilikuwa nimenunua seti mbili, nikamwambia basi hiyo ni ya mama, nikampa nyingine ya kusaini. Haikupita wiki mbili jina lake halipo tena kwenye orodha. Hakupanda Pittsburgh. Kadi yake niko nayo, saini imeinama kidogo upande wa kulia kwa sababu tulikuwa tunacheka.

Na msidhani hawa ni matajiri. Mpaka mwaka 2022 mshahara wa chini wa ngazi hii, ya juu kabisa katika ligi ndogo, ulikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Walipojiunga na chama cha wafanyakazi na kusaini mkataba mwaka 2023 ukapanda hadi 35,800. Mimi ninayesukuma mapaleti nawazidi baadhi yao. Ndiyo maana sioni taabu kununua seti nikiwa na nyingine nyumbani.

Tabu zipo. Seti za timu, za klabu yoyote, hutoka msimu ukiwa umeshaiva, na kikosi cha ngazi hii hubadilika kila wiki. Unafungua nailoni unakuta watu wameshaondoka, na anayekupendeza uwanjani leo hayumo. Kama unataka kadi zinazolingana na wachezaji unaowaona, utakasirika. Tabu nyingine nilijitafutia mwenyewe mtandaoni. Niliagiza seti ya zamani iliyoandikwa "kamili", ikaja imefungwa kwa mpira wa kubania pesa, kona zimeliwa, na kadi iliyonifanya niagize ndiyo pekee isiyokuwemo. Muuzaji akasema yeye aliihesabu. Tangu hapo nanunua kwa kushika. Na kuna siku nilipata wazimu nikapeleka kadi moja kupimwa hadhi, wale wanaokufungia kadi kwenye kasha la plastiki na kuipa alama hadi 10. Nililipa ada inayozidi bei ya kadi mara nne, nikasubiri miezi, ikarudi na 8. Ni nzuri kwenye rafu, basi.

Utunzaji ni rahisi. Kadi za kawaida ziweke kwenye faili lenye kurasa za mifuko tisa, zenye saini kwenye kifuko laini kisha kasha gumu. Usiweke karibu na dirisha, wino wa bluu unaliwa na jua.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya ule uchelewaji.

Kadi niliyoitafuta kuliko zote haikuwa ya Skenes. Ilikuwa ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia ndani ya jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, mama yake akifanya usafi palepale. Pirates walimsajili mwaka 2008. Akapanda ngazi moja baada ya nyingine, polepole, mpaka Indianapolis, na Aprili 26, 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Zamu yake ya kwanza kupiga, mrushaji akiwa Jon Lester wa Chicago Cubs, aliupiga mpira akafika salama kituo cha kwanza. Kadi yake akiwa na jezi ya hapa niliipata gulioni kwa dola mbili. Muuzaji hakumjua.

Mfuko unaofuata kwenye ukurasa huo nimeuacha wazi. Mwaka 2023 Pirates walimsajili mrushaji kutoka Uganda, David Matoma. Nchi ile watoto wa Lugazi waliipeleka kwenye fainali za dunia za watoto mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Ngazi ni zilezile, Bradenton, Greensboro, Altoona, na mlango ni huu wa kwetu. Akifika, nitakuwa ukutani na makapeni. Kwa sasa mfukoni mle amekaa Rowdie, binti yangu ndiye aliyemweka, anasema dubu anamshikia nafasi.