ARASAAC: picha za bure kwa darasa la elimu maalumu, pamoja na kasoro zake

ARASAAC ni ghala la picha-ishara (michoro rahisi inayosimama badala ya maneno) mtandaoni, mali ya serikali ya jimbo la Aragón, Hispania, na mchoraji wake ni Sergio Palao. Picha zimepita 10,000, unazipakua bila kulipa hata senti. Mwalimu wa kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili au usonji akiwa na simu tu, na steshenari yenye printa iko jirani, anaweza kutengeneza ratiba ya picha ya darasa zima.

Uzuri wake ni uwazi wa michoro: mistari mizito, rangi chache, hakuna mapambo ya kumpoteza mtoto. Kabla ya kupakua unaweza kubadili rangi ya ngozi na nywele, au kuondoa rangi zote ili kuokoa wino. Ngozi usiiruke, mtoto anayejifunza kadi ya "mimi" ajione.

Kutafuta kunataka subira. Ukiandika "play" kwa Kiingereza utaletewa mpira, ala za muziki, hata jukwaa la maigizo. Chagua mchoro mmoja kwa kila neno, kisha usiubadilishe, shuleni na nyumbani. Ikiwa "kula" darasani ni sahani na kijiko, na nyumbani ni mtu anayetia tonge mdomoni, kwa mtoto hayo ni maneno mawili. Chini ya picha andika neno lile lile linalotamkwa: "nawa mikono", si "usafi".

Kasoro kubwa iko kwenye kadi ya choo, maana choo kilichochorwa ni cha kukalia. Mtoto ambaye shule yao ina vyoo vya kuchuchumaa ataitazama asielewe aende wapi, akijikojolea aambiwe hasikii. Hapo piga picha ya mlango wa choo chenyewe kwa simu. Fanya hivyo pia kwa daladala, sare ya shule na sufuria ya uji. Kuchanganya picha za simu na michoro hakuna ubaya.

Tena si kila mtoto yuko tayari kwa mchoro. Mpime hivi: weka kikombe na kijiko mezani, mwonyeshe kadi ya kikombe, sema "nipe". Badilisha pande kila mara, maana wapo wanaochukua cha kulia siku zote. Akipatia mara nne kati ya tano, kwa siku tofauti, endelea. Akishindwa, jaribu picha ya simu. Ikigoma nayo, tumia kikombe chenyewe kama ishara ya muda wa uji.

Tovuti inakuruhusu pia kuweka alama ya kukata (X) juu ya picha kumaanisha "usifanye". Kwa wanafunzi hawa, heri uiache. Mtoto huona mtu anayekimbia, naye hukimbia. Weka kadi ya "tembea".

Sasa kuprinti. Kadi za sentimita 4.5 kwa 4.5 zinaingia 24 kwenye karatasi moja ya A4. Zikate kwanza, ndipo uzipige laminesheni, ukiacha ukingo wa plastiki wa milimita 3 kila upande. Wengi hulaminisha karatasi nzima kisha wakakata kwenye mstari wa picha. Plastiki inaachia, mate na maji yanaingia, kadi imekwisha. Velkro (utepe wa kushikisha unaobandukika) upande laini ikae mgongoni mwa kadi, ile ngumu ubaoni, na iwe hivyo kwa kadi zote. Plastiki isiyong'aa ni bora chini ya taa na karibu na dirisha.

Usianze na ratiba ya siku nzima. Kadi mbili zinatosha: "kwanza" kazi, "kisha" anachokipenda. Mwelekeze ukiwa nyuma yake, bila maneno mengi, na ukimwonyesha kadi subiri hadi sekunde kumi kabla ya kurudia. Kurudia haraka kunamlazimu aanze kufikiri upya.

Leseni nayo ina mipaka: hairuhusu biashara. Kuwagawia wazazi ni sawa. Kuuza seti za kadi hizo ni kosa, hata kama bei ni ya kufidia wino na kubaki na faida kidogo. Na popote unapozisambaza, taja Sergio Palao, ARASAAC na serikali ya Aragón.